Siku ulipobonyeza "Ruhusu" ukaja kujuta: tupeane uzoefu

Kitasa

Wakuu, habari za jioni.

Juzi Jumamosi tulikaa kijiweni watu watano, wote tunakula kupitia kompyuta. Ukazuka ule ubishi wetu wa kila siku. Mmoja simu yake haina hata Google, programu zote anachukua F-Droid, duka la programu huria, ramani anatumia zile za OpenStreetMap. Mwingine kazi yake kumcheka: "Nani ana shida na picha zako za ubwabwa?" Saa mbili nzima ni Linux huku, Windows kule, mara VPN. Nikawaambia acheni nadharia, kila mtu aseme siku ambayo mambo yake yalitoka nje. Wakanyamaza kwanza. Halafu ndipo mazungumzo yenyewe yakaanza.

Kwa hiyo nauleta uzi huku. Sharti ni moja, simulia lililokupata wewe, na kampuni usiitaje jina, tusije tukaandikiwa barua na mawakili. Naanza mimi.

Mwaka 2022 kodi ya nyumba ilinipungukia, nikapakua programu ya mkopo. Nimeomba 50,000, imeingia 36,000, na baada ya siku saba wanataka 50,000 yao kamili. Ikaomba kusoma majina kwenye simu: Ruhusu. Meseji: Ruhusu. Mahali nilipo: Ruhusu. Mimi huyuhuyu ambaye kazini nawasema watu kwa kuandika nywila kwenye karatasi.

Siku ya nane, saa kumi na mbili asubuhi, mama mkwe anapiga. "Baba Nasra, kuna watu wamenitumia ujumbe, wanasema umekimbia na hela zao na mimi ndiye mdhamini. Mdhamini wa nini, mwanangu?" Kufika saa tatu walishatumiwa bosi, fundi cherehani, ustadhi wa madrasa ya mtoto, na mtu niliyemhifadhi kama "Kuku Kibada", ambaye nimenunua kwake mara moja tu. Huyo wa kuku ndiye pekee aliyenipigia kuuliza kama niko salama.

Nikaifuta programu. Haikusaidia kitu. Orodha ya majina ilishapanda kwenye seva zao, yaani kompyuta zao, tangu nilipobonyeza, kwa hiyo kufuta kwangu kulikuwa kufunga bomba wakati ndoo imeshaondoka. Google walikuja kuzizuia programu za mikopo za kwenye duka lao kusoma majina na picha kuanzia 31 Mei 2023, lakini ile unayotumiwa kwa linki, faili la APK la kuweka programu mwenyewe, haipiti dukani kwa hiyo katazo haliigusi. Na Novemba 2024 BoT, Benki Kuu ya Tanzania, ikatangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Mimi nilikuwa nimeshaomba radhi watu 140.

Karibuni.

Dada Mhazini

Pole kaka. Wewe angalau ulibonyeza. Mimi sikubonyeza chochote.

Miaka minne nimekuwa mhazini wa kikoba chetu. Kazi yangu ni kuwapigia watu tarehe 28 kuwakumbusha marejesho, na mnajua watu wanavyopenda kukumbushwa. Siku moja nimeenda kwenye usaili, kampuni nzuri tu, yule dada wa mapokezi alikuwa amenipigia asubuhi kunielekeza njia. Nimefika, naona anazuia kicheko. Mwishoni akashindwa, akanionyesha simu yake. Ana ile programu ya kutambua namba ngeni. Namba yangu imeandikwa: USIPOKEE VIKOBA.

Jina langu la ubatizo halipo. Ubini haupo.

Mimi hiyo programu sijawahi kuiweka. Ila wanakikoba wangu wanayo, wakairuhusu kusoma majina yao, na huko ndiko walikonihifadhi hivyo. Niliingia kwenye tovuti yao nikaomba namba yangu iondolewe, na ikaondolewa. Sasa nauliza wale wataalamu wa kijiweni, simu isiyo na Google ingenisaidia nini hapo? Kazi nilipata, lakini mpaka leo yule dada ananiita Vikoba.

Ndani ya Terminal

Huyo wa F-Droid ni kama mimi, kwa hiyo nami nitubu.

Januari 2021 WhatsApp walipotangaza masharti yao mapya nilipandwa na mori. Kundi la ukoo lina watu 34. Nikaandika waraka mrefu, nikawapa linki ya Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe, nikajitoa na kufuta akaunti. Walionifuata ni wawili, binamu yangu wa Dodoma na shangazi mmoja. Shangazi alikaa siku tatu, akauliza "mbona huku hakuna status?", akarudi zake.

Mwezi wa nne babu mdogo akafariki. Tangazo likawekwa kwenye kundi, michango ikapangwa kwenye kundi, gari la kwenda Same likapangwa kwenye kundi. Kila mtu alijua fulani ameshanijulisha. Nimekuja kusikia siku ya tatu, watu wameshazika. Nilipofika msibani baba hakusema neno, akanionyesha pa kukaa.

Nilirudi WhatsApp wiki hiyohiyo. Na hapa nitawaudhi wenzangu: maneno yenyewe ndani ya WhatsApp yamefungwa kwa itifaki, yaani mfumo wa kuficha ujumbe, ileile ya Signal tangu 2016. Kinachobaki wazi ni nani kaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi. Si kitu kidogo hicho, naendelea kukipigia kelele. Halafu kuna chelezo, yaani nakala za akiba, za Google Drive, ambazo hazifungwi mpaka uwashe mwenyewe, na uwezo wa kuziwasha umekuja 2021. Nikimuuliza mtu kama ameiwasha ananiangalia kama muuza bima.

Bahari Hindi 001

Huku Mombasa hiyo ya mikopo tuliijua mapema, hadi refa wa mpira wa mtaani alikuwa anapigiwa simu juu ya deni la kipa. Tangu kanuni za 2022 wakopeshaji wa simu ni lazima wapate leseni ya CBK, Benki Kuu ya Kenya, na mambo yametulia kiasi. Kiasi.

Mzee wa Hewala

Mnajipa umuhimu. Nimeruhusu kila kitu tangu nianze kutumia simu janja, sijapigiwa na mtu. Sina cha kuficha.

Dada Mhazini

Wewe hujapigiwa, mzee wangu. Waulize waliomo kwenye simu yako.

Fundi wa Makoroboi

Wakuu, mimi niko meza ya kutengeneza simu, na huku wanaolia kwamba "wamehakiwa", yaani wamedukuliwa, wanakuja karibu kila wiki. Mtu anakuletea simu, PIN ameiandika kwenye selotepu kajibandikia nyuma, halafu ananong'ona kwamba anafuatiliwa.

Nisimulie mmoja. Kijana mpole, mwalimu. Anasema kuna mtu anajua kila anachoongea na mchumba wake, hata siku za kutoa barua ya posa. Alishabadilisha laini, alishamlipa fundi mwingine 15,000 aisafishe simu, bado. Namba ya WhatsApp ileile. Sikufungua hata bisibisi. Nimeingia WhatsApp, vile vidoti vitatu, "Vifaa vilivyounganishwa". Nikakuta kivinjari cha Google Chrome cha kompyuta ya Windows ambayo si yake, akakumbuka siku aliyoenda stationery kuchapa CV.

Mnajua zile. Faili liko kwenye simu, unaskani ile QR kwenye kompyuta yao, unachapa, unalipa 500, unakimbilia gari. Mwalimu hakuitoa WhatsApp yake kwenye kompyuta ile. Na ile haikuwa kompyuta ya mbele ambayo kila mteja anaskani, ilikuwa ya nyuma anayokaa mwenye duka. Wiki tatu jamaa anasoma posa za watu huku anauza kalamu.

Nikabonyeza "Ondoka". Mwalimu akaniuliza amdai vipi yule fundi wa 15,000. Nikamwambia hilo si langu. Mimi nilimchaji 2,000, akaona nyingi kwa kubonyeza tu.

Kitasa

Fundi, umenifanya nifungue yangu muda huu. Kuna ya ofisini, naijua. Na kuna Edge moja, kivinjari kingine, ambayo siifahamu, labda ni ile hoteli ya Morogoro nilipochapa tiketi. Nimeitoa.

Mzee wa Hewala

Msimamo wangu uko palepale. Ila kwenye iPhone hiyo menyu inakaa wapi? Sioni vidoti.

Fundi wa Makoroboi

Chini kulia mzee, kwenye mipangilio.