Kikundi cha Familia: Jiko la Neema

Neema, saa 1:05 usiku
Shikamooni wazazi wangu, na ninyi ndugu zangu habari za jioni. Plasta ya nyumba ya Buswelu, hapa Mwanza, imekamilika, na fundi anataka kuanza makabati ya jikoni Jumatatu, kwa hiyo naomba ushauri wenu kabla sijamruhusu. Chumba chenyewe ni kidogo: upana ni sentimita 213 na urefu 274, yaani futi 7 kwa futi 9. Mlango uko kwenye ukuta mfupi, dirisha liko kwenye ukuta mrefu wa kushoto unapoingia, na ukuta wa mwisho unatazama nyuma ya nyumba, kwenye lile jiwe kubwa. Nilikuwa nimepanga makabati kwenye kuta tatu, juu na chini, kama yale ya kwenye picha nilizowatumia wiki iliyopita.

Shangazi Kabula, saa 1:11 usiku
Marahaba, mwanangu. Picha nimezitazama zote na sikuona hata moja yenye pipa la maji. Siku bomba lisipotoa, pipa lako litakaa wapi? Na sato utakaowaleta kutoka soko la Mwaloni utawaparua magamba wapi, kwenye hilo sinki linalong'aa?

Neema, saa 1:13 usiku
Shangazi, nilidhani sinki ndiyo kazi yake.

Shangazi Kabula, saa 1:16 usiku
Magamba yakiingia kwenye bomba la maji machafu utamwita fundi kila mwezi. Jenga karo dogo nje, hapo nyuma, lenye bomba lake na mteremko wa kwenda kwenye chemba, na samaki aingie ndani akiwa tayari kwa kukaangwa. Pipa nalo likae nje chini ya simtanki, kwa sababu ukiliingiza jikoni litakula nafasi ya mtu mmoja kusimama.

Kaka Masanja, saa 1:30 usiku
Shikamoo Shangazi. Neema, kuta tatu hazifai kwa upana huo. Kaunta ya kawaida ina kina cha sentimita 60. Ukiweka kaunta kushoto na kulia utabaki na njia ya sentimita 93, na mtu akifungua kabati la chini mwingine hapiti. Mimi ningejenga umbo la herufi L: kaunta ipite ukuta mrefu wenye dirisha, kisha ikunje kwenye ukuta wa mwisho. Sinki likae chini ya dirisha na jiko la gesi kwenye ukuta wa mwisho. Friji ikae kulia, jirani na mlango, ili mtoto anayetaka maji ya baridi asipite nyuma ya mtu anayepika. Nimechora kwa vipimo vyako: kutoka friji hadi sinki, sinki hadi jiko, na jiko kurudi kwenye friji ni takribani mita tano na nusu kwa mzunguko mzima. Wasanifu husema mzunguko huo uwe kati ya mita nne na nane hivi, kwa hiyo uko salama. Kati ya sinki na jiko utapata karibu mita moja ya kukatia mboga ukihesabu na kona, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Jiko la gesi usilisogeze chini ya dirisha hata kidogo. Upepo wa ziwani wa mchana utazima moto huku gesi ikiendelea kutoka, na pazia nalo litakuwa karibu.

Baba Mdogo, saa 1:48 usiku
Nawasalimu nyote. Masanja amenikumbusha jambo nililowahi kulisoma. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi wa mji wa Frankfurt, nchini Ujerumani, lenye upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi. Alitumia vipimo vya hatua na muda wa kila kazi, akachukua mfano kutoka kwenye majiko ya mabehewa ya treni, na majiko ya namna hiyo yapatayo 10,000 yakajengwa. Kwa hiyo jiko dogo si aibu, mradi limepangwa.

Shangazi Kabula, saa 1:52 usiku
Shemeji, huyo mama alikuwa anapika ugali?

Baba Mdogo, saa 1:55 usiku
Shemeji, nakiri umenikamata. Mwenyewe alikuja kusema kwamba kabla ya kulibuni jiko lile hakuwa amewahi kupika. Tena walioishi humo walilalamika kwamba jiko lilimtosha mtu mmoja tu.

Shangazi Kabula, saa 1:56 usiku
Basi sisi tupime kwa mwiko.

Kaka Masanja, saa 2:10 usiku
Hapo Shangazi amegusa penyewe, na naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu ndilo kosa ninaloliona katika nyumba nyingi tunazozijenga. Kaunta inapaswa kuwa chini ya kiwiko cha mpishi kwa sentimita 10 hadi 15, nasi mafundi tumezoea kujenga 90 kwa kila mtu bila kumpima yeyote. Sasa chukua kaunta ya 88, weka juu yake jiko la gesi la mezani lenye kimo cha sentimita 12, kisha sufuria lenye kina cha 18. Mdomo wa sufuria umefika 118. Ugali hausongwi kwa vidole; unaukandamiza kwa uzito wa mabega, na mtu ambaye mdomo wa sufuria umepita kiwiko chake kwa mbali atasonga akiwa amenyanyua mikono kama anayeanika nguo kwenye kamba. Ndiyo maana kina mama wengi wenye majiko mazuri ya ndani bado husongea ugali nje, juu ya mkaa.

Kwa hiyo, mahali pa jiko la gesi tushushe kaunta hadi 70, kwa upana wa sentimita 70, na pande zote mbili ibaki 88 ili sufuria likiepuliwa lipate pa kutua. Mama, naomba Neema akupime kutoka sakafuni hadi kiwikoni ukiwa umevaa kandambili zako.

Mama, saa 2:24 usiku
Amenipima. Ni 99. Yeye mwenyewe ni 102.

Kaka Masanja, saa 2:26 usiku
Basi 88 inawafaa wote wawili, na mdomo wa sufuria utakuwa 100.

Neema, saa 2:33 usiku
Asante, Kaka. Mtungi wa kilo 15 nilipanga kuufungia ndani ya kabati, chini ya jiko, usionekane.

Kaka Masanja, saa 2:37 usiku
Hapana, dada yangu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inatulia chini na kujaa kabatini ikisubiri cheche. Mtungi usimame wima nje, nyuma ya ukuta wa mwisho, ndani ya kizimba chenye nafasi za hewa chini, na fundi wa gesi apitishe bomba ukutani. Kisha utakuwa umepata kabati zima la kuweka unga.

Kuhusu makabati ya chini, usigawanye kwa tofali. Kila ukuta wa tofali la inchi 5 ni karibu sentimita 13. Ukijenga minne, upana wa kabati moja umekwisha. Chini ya sinki usitumie emudiefu, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kwa sababu ikilowa inavimba kama mkate kwenye chai. Na taa isiwe moja tu katikati ya dari, maana utakata vitunguu ndani ya kivuli chako mwenyewe.

Neema, Jumamosi, saa 12:20 jioni
Leo tumechora kaunta sakafuni kwa chaki, tukapanga tofali hadi 70 na kuweka jiko na sufuria tupu juu yake. Mama amesonga ugali wa hewa na ameridhika. Tumegundua pia kwamba mlango wa jikoni ukifunguliwa kwa ndani unagonga friji, kwa hiyo fundi atageuza bawaba ufunguke kwa nje.

Mama, Jumamosi, saa 12:31 jioni
Nimeridhika na pa kusongea. Lakini chini ya dirisha, upande wa mlangoni, pasijengwe kabati. Acheni wazi niweke kigoda changu, na ubao wa kuvuta kama droo uwe hapo. Mchele mimi siuchambui nikiwa nimesimama.

Kaka Masanja, Jumamosi, saa 12:34 jioni
Sawa, Mama. Ubao uwe na kimo gani?

Mama, Jumamosi, saa 12:35 jioni
Njoo kesho unipime nikiwa nimekaa. Na uje na sato.