Tupeane uzoefu: mmewezaje kuwaunganisha mliosoma pamoja na shule yenu ya zamani?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni katibu wa umoja wa waliosoma shule moja ya bweni ya serikali huku Nyanda za Juu Kusini. Umoja wetu ulizaliwa msibani. Mwalimu wetu wa hisabati alifariki mwaka 2019, tukakutana kwake watu kama arobaini, wengine tulikuwa hatujaonana tangu siku ya mtihani wa mwisho. Baada ya mazishi tulikaa chini ya mparachichi wa jirani, mmoja akasema haifai tuwe tunakutana kwenye jeneza tu. Kundi la WhatsApp likafunguliwa palepale, na mwezi haujaisha tulishapita mia mbili.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Picha za zamani, majina ya utani, uji wa asubuhi, ile ringi ya lori iliyotundikwa mtini ikawa kengele yetu. Mwaka wa pili tukapeleka saruji mifuko thelathini na mipira ya miguu. Sasa hivi kundi limebaki la salamu za asubuhi, matangazo ya viwanja na rambirambi. Nikitaja shule, watu wanajua unakuja mchango, wananyamaza. Mkuu wa shule wa sasa hatufahamu kabisa. Tulipompigia simu alituuliza sisi ni akina nani.

Shule ile ilinipokea na ndala na sanduku la bati, ikanitoa mtu. Leo kuna mtoto amelala kwenye bweni lile lile na hajui kama wapo watu waliopita hapo ambao wangetamani kumfahamu. Hilo linaninyima raha. Aliyewahi kulifanikisha jambo hili kwenye shule yake, au aliyejaribu likamshinda, naomba aeleze ilikuwaje. Niko tayari kusoma hata kama ni ndefu.

Dada wa Bweni la Chini

Mkuu, pole na hongera kwa kuanzisha.

Nimesoma shule ya wasichana, na shida yetu ya kwanza haikuwa pesa, ilikuwa majina. Wanaume mnatafutana kwa majina yale yale ya cheti. Sisi wengi tumeolewa, mtu anatumia jina la mume au anaitwa Mama fulani, na hata namba yake ya simu imesajiliwa kwa jina jingine. Tulianza na orodha ya matokeo ya kidato cha nne ya mwaka wetu, watahiniwa tisini na kitu. Tukawapata kumi na tisa, tukakwama hapo miezi mingi.

Kilichotusaidia ni kitanda. Mmoja wetu alichukua karatasi akachora bweni, dabodeka kwa dabodeka, akaandika anaowakumbuka: juu alilala nani, chini nani, nani alikuwa karibu na mlango. Akaipiga picha akaituma. Siku ile kundi halikulala! Kila mtu anasahihisha, "hapana, hapo alikuwa yule wa Singida aliyekuwa anasuka watu Jumamosi." Ukishamkumbuka msusi unakumbuka aliyesuka naye, na huyo unakumbuka alikuwa na mdogo wake kidato cha kwanza, na mdogo wake ni nesi mahali fulani. Tumefika sabini na mbili. Wanne tumejua walishatangulia mbele za haki, na tulienda kwa familia zao kutoa pole, japo tulichelewa miaka.

Sasa kila mwaka wa kuhitimu una mwakilishi mmoja mwenye orodha yake. Kundi kubwa ni la matangazo tu. Mazungumzo yapo kwenye makundi ya mwaka, huko ndiko watu wanakojuana.

Fundi Samani

Mimi naomba niseme la shule za kata, maana mada kama hizi huwa zinatawaliwa na waliosoma shule kubwa.

Shule yetu ilijengwa wakati ule wa MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, miaka ya 2004 kwenda mbele, kila kata ikipandisha madarasa mawili matatu. Hatuna waziri aliyesoma pale, wala jaji. Mimi nilimaliza kidato cha nne 2012. Mnaokumbuka mnajua: matokeo yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima wamepata sifuri, mpaka Waziri Mkuu akaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Darasani kwetu waliofaulu vizuri walikuwa wawili. Mimi nilipata sifuri, na yalipopangwa upya sikusogea.

Nilikaa miaka sita bila kupita ile barabara ya shule. Nikiwa na kazi upande ule nilizunguka kwa nyuma, kwenye mashamba ya mihogo. Mtu akisema "tuliosoma pale tukutane" nilikuwa najua ni wale wawili ndio wanaoitwa. Nimekuja kugundua wenzangu wengi walikuwa na aibu hiyo hiyo. Kwa hiyo wewe katibu unayeona watu wamenyamaza, usidhani wote wamechoka michango. Wengine wanaona shule iliwakataa.

Kilichonirudisha ni mwalimu wa taaluma. Alikuja karakana kwangu kuulizia bei ya meza, hakujua kama nilisoma pale. Nilipomwambia, alikaa kwenye benchi akasema, "Basi wewe ndiye ninayekutafuta." Nikapiga simu. Kuna mwenzangu anachomelea vyuma, mwingine ana bodaboda, mwingine anauza mbao Mafinga. Wa mbao alitoa mbao kwa bei aliyonunulia, wa bodaboda walibeba, sisi mafundi tukapiga kambi shuleni wiki ya likizo ya Juni. Tulitengeneza viti arobaini na meza arobaini. Kidato cha tatu waliokuwa kambini walituzunguka wakitaka kujifunza kupiga randa. Tukawafundisha. Mmoja wao sasa yuko chuo cha ufundi, VETA, na alinipigia mwenyewe kuniambia.

Kila Juni tunarudi. Hatuna kiongozi wala katiba, tuna tarehe.

Mdau wa Ziwa

Fundi, nimesoma yako mara mbili. Mungu akubariki.

Mimi nilisoma sekondari ya Ihungo, Bukoba. Jumamosi ya 10 Septemba 2016 mchana, tetemeko lilipopiga Kagera, majengo yetu yalibomoka, Ihungo na Nyakato zote mbili ziliumia vibaya, na wanafunzi wakahamishiwa shule nyingine. Nilikuwa Mwanza. Jioni hiyo simu yangu iliita kwa namba nisizozijua: watu niliosoma nao miaka ishirini nyuma wananiuliza, "Umeona picha? Kanisa je? Bweni letu je?" Mmoja alikuwa analia kabisa, mtu mzima mwenye wajukuu.

Nilijifunza kitu kigumu. Tulikuwa na mawasiliano yote ya kutafutana siku ya msiba, na hatukuwahi kuyatumia siku ya kawaida. Tangu hapo mimi na wenzangu wa kidato kimoja tunapigiana Jumamosi ya pili ya kila mwezi, dakika chache, kwa zamu, nani anampigia nani. Hakuna ajenda. Na jambo la shule likitokea tunakuwa hatuanzi kwa kujitambulisha.

Mtunza Risiti

Nitaeleza yetu iliyoharibika, ili mwingine asipite njia hiyo.

Tulichangishana kwa ajili ya tangi la maji la lita elfu kumi na pampu. Pesa zilikuwa zinaingia kwenye namba ya simu ya mweka hazina, mtu mwema tu tuliyemwamini. Katikati akauguliwa na mama yake, akazitumia, akiamini atarudisha. Hakurudisha kwa wakati. Hakusema, na sisi hatukuuliza kwa upole. Ilipokuja kujulikana, yalisemwa maneno ambayo mpaka leo hayajafutika. Pesa zilikuja kurudi zote, tangi lilinunuliwa, lakini rafiki yetu tulimpoteza na nusu ya wanachama walijitoa. Nafsi yangu hainipi amani kwa hili, maana mimi ndiye niliyependekeza atumie namba yake ili tusipoteze muda benki.

Tulipoanza upya tulijisajili kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Inahitaji katiba, muhtasari wa kikao, majina ya viongozi na subira. Ukishapata cheti unafungua akaunti ya benki kwa jina la umoja, wasaini watatu wanaokaa miji tofauti. Kila mchango unatajwa kundini siku hiyo hiyo, kila matumizi yanafuatwa na picha ya risiti. Na vifaa tunamlipa mwenye duka moja kwa moja, pesa taslimu haipiti mkononi kwa mtu.

Jingine: Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni, mkuu wetu wa shule aliogopa hata ya kwetu ya hiari, akatuelekeza kwa mkurugenzi wa halmashauri. Tulinuna wakati ule. Baadaye tuliona ilitusaidia, kwa sababu tangi liliandikwa kwenye vitabu vya mali za shule na hakuna anayeweza kulihamisha kimya kimya.

Skuli ya Bahari

Assalaam aleykum. Mie mtu wa Unguja, niko Muscat mwaka wa kumi na mbili huu.

Huku tuko wengi tuliosoma pamoja, na Idi pili huwa tunakutana ufukweni na watoto. Siku moja tukakubaliana tuipelekee skuli yetu vitabu. Tukajaza makasha, tukalipia meli. Vilipofika vikakaa. Mwalimu mmoja kwa heshima kubwa akanambia havikuwa vya mtaala wa kwetu, hata maabara yetu haina vifaa vya majaribio yale. Nilijiona nimemkosea. Sikuwa nimeuliza!

Sasa kabla ya kila Ramadhani tunampigia mwalimu yule, tunamuuliza mna haja ya nini mwaka huu. Mwaka juzi akasema feni. Feni tu, madarasa ya kidato cha nne joto kali wakati wa masomo ya jioni. Tukatuma, zikafungwa wiki ile ile.

Mwanapwani

Hapa Mombasa jambo ambalo limeshika kwetu ni karo. Kila darasa lililomaliza linamlea mwanafunzi mmoja, kuanzia anapoingia sekondari mpaka amalize. Anatuandikia barua kila muhula, kwa mkono, na sisi tunamjibu kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nilikaa na kalamu jioni nzima, sijui nimwambie nini mtoto wa miaka kumi na tano. Niliishia kumweleza vile nilivyoogopa usiku wa kwanza bwenini. Jibu lake bado ninalo.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefundisha miaka 34 katika shule tano, na shule mbili nilikuwa mkuu. Ruhusuni niseme upande wa pili wa geti.

Mkuu wa shule anahamishwa. Leo mnaelewana naye, mnapanga naye, kesho anapewa barua, anafunga mizigo siku tatu. Aliyekuja anakuta faili za mitihani, faili za nidhamu, faili za fedha. Faili la waliosoma hapo hakuna. Ndiyo maana mleta mada uliulizwa ninyi ni akina nani, na usimchukie mwenzangu. Ombeni shule iteue mwalimu mmoja, na ikiwezekana awe mwenyeji wa eneo lile, atunze daftari: majina, namba, mliyofanya, mliyoahidi. Na mtu wenu mmoja apendekezwe kuingia bodi ya shule. Bodi ndiyo inayobaki mkuu akiondoka.

La pili ni historia. Shule zetu nyingi za zamani zilikuwa za misheni, zikachukuliwa na serikali kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969. Kilakala iliitwa Marian College. Pugu ilikuwa St. Francis, ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha mpaka alipoacha kazi mwaka 1955. Waliosoma kabla na waliosoma baada wakati mwingine wanaishi kama wa shule mbili. Nimeona mzee wa miaka themanini amekuja kwenye mahafali, hakuna aliyemjua, akakaa kiti cha nyuma mpaka mwisho akaondoka. Nilimkimbilia getini. Alikuwa na picha ya timu yao ya mpira mfukoni, alitaka tu kuionyesha. Tafuteni wazee mapema, wana vitu mfukoni.

La mwisho. Wengi mnakuja siku ya mahafali, mnahutubia, mnapiga picha na hundi, mnaondoka. Watoto wanapiga makofi. Ila aliyewahi kukumbukwa shuleni kwangu ni binti mmoja, fundi maabara wa hospitali, aliyekuja Jumatano bila taarifa, akakaa na wasichana wa CBG, wanaosoma kemia, biolojia na jiografia, chini ya mti kuwaeleza kazi yake ilivyo tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni. Walimuuliza maswali mpaka kengele ya chakula ikapita.

Mleta mada

Shikamoo Mwalimu. Wote asanteni, nimesoma kila neno. Mtunza Risiti, nakuombea mpatane na huyo rafiki yenu.

Kesho namwandikia mkuu wa shule barua ya kawaida ya kujitambulisha, bila ombi wala ahadi, nikimuuliza tu kama yupo mwalimu anayeweza kushika daftari.

Na ya Dada wa Bweni la Chini nimeifanyia kazi usiku huu huu. Nilimkumbuka yule aliyekuwa akigonga ringi alfajiri. Hakumaliza na sisi, aliacha kidato cha tatu baba yake alipofariki, kwa hiyo kwenye orodha ya mtihani jina lake halipo na kundini hakuwahi kuingizwa. Miaka yote hii! Nimempata kwa simu tatu. Yupo Tunduma, ananunua na kuuza mahindi. Nilipojitaja alinyamaza kidogo, kisha akanitaja jina la utani ambalo hata mke wangu halijui.

Nikamuuliza kama anakumbuka bweni letu. Akasema alikuwa akiliamsha kila siku saa kumi na moja, atasahauje. Akaanza na kitanda cha mlangoni, kushoto, juu. Nimechukua kalamu.