MJADALA: SUV tunazonunua, ni uwezo au ni kimo tu?

Mleta mada

Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA), mwaka 2023 SUV, yaani haya magari ya juu yenye umbo la jipu, zilikuwa asilimia 48 ya magari yote yaliyouzwa duniani, na zilizoko barabarani zilishapita milioni 360. Saluni, lile gari la chini la kawaida, inaondoka sokoni kimyakimya.

Hoja yangu ni kwamba wengi hawanunui uwezo, wananunua kimo. Jeep ya vita ya 1941, na Land Cruiser iliyoanza 1951, zilijengwa kwa kazi: chesisi nzito, fowili ya kweli (injini kuzungusha tairi zote nne), gia nzito ya kupandia. Mwaka 1994 Toyota ikaleta RAV4, ambayo kimsingi ni gari dogo lililoinuliwa, na kila kampuni ikafuata njia hiyo. Leo chungulia chini ya nyingi: propela shafti hakuna, difu ya nyuma hakuna, yaani hakuna kinachopeleka nguvu ya injini tairi za nyuma. Zinavutwa na tairi za mbele, sawasawa na saluni iliyoegeshwa pembeni yake. Unabeba kilo 200 hadi 300 zaidi ya gari la wastani, unalipia mafuta ya kuzisukuma, halafu tope likija mnakwama wote wawili. Faida iko wapi?

Dereva wa masafa

Mkuu, umehesabu difu ukasahau uvungu. Barabara mbovu hainiangushi kwa kukosa fowili, inaniangusha kwa kunigonga chini. Zile sentimita tano au sita za ziada ndizo zinazoamua kama jiwe litapita salama au litapasua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ikishapasuka, na taa nyekundu ya oili hukuiona mapema, injini umeipoteza. Kwa hiyo usituambie tunatafuta sifa.

Mama wa watatu

Na magoti je? Mama mkwe wangu kwenye saluni anaingia kwa kujitumbukiza, kutoka mpaka avutwe mikono miwili. Kwenye gari la juu kiti kiko usawa wa nyonga: anageuka, anakaa, basi. Mimi nafunga mikanda ya watoto bila kupinda mgongo. Nyie kaka zangu mkijadili magari ni difu na gia tu, anayepakia watoto hamumwoni.

Mtembea kwa miguu

Mimi sina gari, na nimewasikiliza mnavyogawana faida za walio ndani. Sasa tuje kwa walio nje. IIHS, taasisi ya Marekani inayogharamiwa na kampuni za bima kuchunguza ajali, ilitoa utafiti Novemba 2023: gari lenye boneti ya kimo cha zaidi ya inchi 40, yaani kama mita moja, likimgonga mtu uwezekano wa kumuua ni mkubwa kwa takribani asilimia 45 kuliko gari lenye boneti iliyolala, ya inchi 30 au pungufu.

Sababu haihitaji shahada. Saluni hukupiga miguuni, ukaangukia juu ya boneti. Boneti ya juu iliyosimama wima inakupiga kiunoni au kifuani, na mtoto inampiga kichwani, kisha inamsukuma chini, mbele ya tairi. Fanyeni jaribio, gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni: mtoto mdogo asimame mbele ya bampa, wewe kaa kwenye usukani umtafute. Dada hapo juu, hao unaowafunga mikanda ndio haohao wasioonekana wakipita mbele ya gari.

Fundi

Mimi nasema ninayoyaona karakana. Uzito una bili yake: pedi za breki, bushi, boljointi, tairi. Kinachonichekesha ni rimu za inchi 19 na 20. Tairi zake zina ukuta mwembamba, shimo moja tu rimu imepinda. Mtu kanunua gari la barabara mbovu lenye tairi za barabara nzuri!

Halafu fowili inakusaidia kuondoka, kusimama haikusaidii. Kwenye breki kila gari lina tairi nne, na SUV ina kilo nyingi zaidi za kuzuia. Wenye fowili hawapendi kusikia hili.

Kuhusu kupinduka, msitishwe na habari za zamani. Mwaka 2000 Firestone iliita sokoni tairi milioni 6.5, nyingi zikiwa zimefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya tairi kuvuliwa ganda kwenye mwendo kasi na magari kupinduka. Tangu hapo umekuja mfumo wa ESC, unaokamata breki ya tairi mojamoja gari linapoanza kuteleza. Marekani uliwekwa kuwa lazima kuanzia modeli za 2012. Anayenunua SUV iliyotumika aangalie taa ya mfumo huo: iwake ukiwasha swichi, izime baada ya kupiga injini. Isipowaka kabisa, uliza nani kaing'oa.

Mleta mada

Fundi, shukrani. Naongeza kitu, maana watu wanadhani wateja ndio walioamua peke yao. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, Marekani ilipitisha sheria mwaka 1975 ya kuzibana kampuni zipunguze unywaji wa mafuta. Lakini "malori mepesi" yaliwekewa kiwango laini, na SUV zikaingizwa kundi hilo. Kampuni zikaona mwanya: gari linalobanwa kidogo, linalouzwa ghali, faida nono. Matangazo yakafanya kazi iliyobaki. Kwenye tangazo utaona mto, mlima na vumbi, foleni huioni hata siku moja, na foleni ndiko gari linakoshinda.

Mlipakodi

Basi tufanyeje? Paris walipiga kura tarehe 4 Februari 2024, na kama asilimia 54.5 wakakubali maegesho ya magari mazito yapande mara tatu, hadi euro 18 kwa saa katikati ya jiji. Kigezo ni uzito: kuanzia tani 1.6, na kwa ya umeme tani 2. Wakazi walisamehewa, na waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata asilimia 6. Mimi naunga mkono, ila stesheni wagoni (gari la chini lenye buti ndefu) ya familia kubwa inaweza kunaswa na wavu huohuo, wakati kigari chepesi cha juu kinapita.

Dereva wa masafa

Na umeme mtaufanyaje? Hummer ya umeme ina zaidi ya tani 4, haina moshi hata chembe. Halafu mimi wa barabara ya mawe nitozwe kwa sababu ya lami niliyonyimwa? Wekeni lami, saluni nitairudia mwenyewe.

Mtembea kwa miguu

Mzee wa masafa, hapo tuko pamoja kuliko unavyofikiri. Uvungu wako uko chini ya gari, kinachoniua mimi kiko mbele. Hakuna kinachomzuia mhandisi kukupa sentimita 20 za uvungu na boneti iliyolala ambayo mtoto anaonekana juu yake. Wanachora pua ya juu kwa sababu inatisha na inauza. Mimi napendekeza kikomo kiwekwe kwenye kimo cha boneti, bila kujali gari linaitwaje wala linatumia nini. Anayepinga aseme ni kazi gani ya barabarani inayohitaji pua yenye kimo cha mita moja.