Boriti na mlango wa nyumba ya babu, nataka kujenga kibanda cha bustani

Mjukuu_Wete: Assalaam alaykum jamani. Nyumba ya babu huku Wete tumeivunja, dari ilishashuka, nimebakiwa na boriti 14 za mkoko, mawe, na mlango wa mvule wa mbawa mbili, kizingiti cha juu kina nakshi na misumari ya shaba bado ipo ila mwimo mmoja, ule mti wa kusimama pembeni ya mlango, umeoza chini, nikibonyeza kidole kinazama. Watu wanautaka wanunue mie roho haitaki kabisa. Nataka kibanda cha kukaa bustanini, pasheni itambae juu, mlango ndo uwe pa kuingilia. Fundi kasema boriti nizifukie futi 2 nimwagie zege. Sawa hiyo?

FundiBoriti: Usizifukie ndugu yangu! Boriti zimedumu kwa sababu zilikuwa kavu juu ya ukuta, ukizitia ardhini mchwa atazimaliza na zege linashika maji pale pale mti unapoingilia. Jenga nguzo kwa mawe yale yale, boriti zikae juu ncha zipate hewa. Na upana usizidi mita 2 na nusu, vyumba vya zamani unaviona vyembamba kwa ajili ya urefu wa boriti tu. Gonga kila moja kwa nyundo, inayolia kama ngoma ndani imeshaliwa. Pasheni itambaze kwenye waya pembeni, ikilala juu ya mti unyevu hautoki.

Bi_Asumini: Mwanangu mawe ya matumbawe usiyapige saruji, yanavuta unyevu na saruji inaufungia ndani, baadae plasta yote inabanduka. Chokaa na mchanga, chokaa uiroweke wiki kadhaa kwanza. Mchanga wa ufukweni usichukue, una chumvi.

Mwana_Shangani: Mlango usikae mvuani hata masika moja, uvutie paa mbele. Mwimo ukate mpaka penye mti mzima uunge mvule mwengine, halafu ukalie jiwe. Wengine watakwambia upake sifa, yale mafuta ya papa, kama jahazi, harufu yake hutokaa hapo ukanywa chai. Na ahsante kwa kutouza, huku Mji Mkongwe nimeiona mingi ikiondoka inauma.

Mjukuu_Wete: Nimezigonga boriti zote saa hizi, tisa ndo nzima. Kizingiti nimekisugua kwa brashi kavu, kumbe chini ya rangi ya buluu mna ua la yungiyungi, sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Hiyo rangi naitoa vipi bila kuumiza nakshi?