Konveta ya trela ya kulala imeungua, ninunue ya ampia ngapi?

Sato Mbichi
Mwangaluka wadau. Nina trela ya kulala, Mmarekani mmoja aliniuzia kwa bei ya kutupa mkataba wake ulipoisha hapa Mwanza, huwa natoka nayo na wageni tunalala Lamadi, asubuhi wanaingia Serengeti kwa geti la Ndabaka. Ina betri kavu mbili za 12V, kila moja 100Ah, zimeungwa sambamba, zinabeba taa, pampu ya maji na kafriji. Sasa konveta, ile inayotoa umeme wa ukutani na kuupeleka kwenye betri, ilikuwa ya kwao ya 120V, kwahiyo siku zote tunaipitishia kwenye transfoma ya kushusha. Juzi dogo langu kafika gesti akaona hili lichuma zito la nini, katafuta adapta kachomeka moja kwa moja. Ilipiga pwaa! Nimefungua nakuta kapasita imepasuka tumbo na bodi nyeusi tii.

Ilikuwa ya 45A. Kuna muuzaji ananing'ang'aniza nichukue ya 60A eti kubwa ndo inajaza haraka. Wageni wanakuja wiki ijayo, nisaidieni.

Kitangiri Boy
Pole mkuu, dogo usimpige. Chukua inayokula 220 mpaka 240 uachane na hilo lichuma, basi.

Fundi wa Mwaloni
Mi nachaji betri za taa za wavuvi wa dagaa hapa Kirumba kila siku, nikwambie kitu, ampia siyo sifa. Betri kavu ya 100Ah ipe 10A mpaka 20A itakaa na wewe, kwahiyo hizo mbili 40A ndo mwisho wa raha, 30A inatosha kabisa kama mnalala na umeme usiku kucha. Angalia ubavuni mwa betri huwa wameandika mwisho wa kuchajia.

Cha pili ambacho wauzaji hawasemi, uliza hiyo konveta ina hatua ngapi. Za zamani nyingi zinatoa volti moja tu kama 13.6 muda wote, betri haijai vizuri, au inajaa kesho kutwa. Nzuri inapanda mpaka 14.4 hivi, ikishajaza inashuka yenyewe kwenye 13.6 na kukaa hapo. Kama ina swichi ya kuchagua aina ya betri weka ya betri kavu, usije ukaiacha kwenye ile ya kuchemsha betri za maji, inapanda mpaka 15 na zaidi, betri kavu huwezi kuiongezea maji ikikauka imekauka.

Ila kabla hujatoa hela, zitenganishe hizo betri, ziache zilale usiku bila kitu chochote, asubuhi pima kila moja peke yake.

Mama Trela
Kaka mi niliwahi kununua chaja ya kawaida ya gari nikidhani nimeokoa hela. Friji ikiwaka chaja inachanganyikiwa, inadhani betri bado haijashiba inaendelea kusukuma tu. Nunua iliyoandikwa kabisa kwamba inabeba mzigo huku inachaji. Halafu jenereta lako la ukubwa gani? Mi langu la kVA 1, 60A ukipiga hesabu mara 14.4 ni kama wati 860 zinazoingia kwenye betri, ukiweka na zinazopotea njiani unakaribia 1000, linakohoa linazima na wageni wako gizani.

Sato Mbichi
Jenereta ni hilohilo la kVA 1, dada umenisoma.

Nimepima leo alfajiri. Moja 12.6, nyingine 10.5. Nimerudia mara tatu nikidhani mita mbovu.

Fundi wa Mwaloni
Mita nzima hiyo. Betri ina vyumba sita, kila kimoja kama volti 2.1, wewe umepungukiwa 2.1 kamili maana yake chumba kimoja kimekufa. Hiyo ilikuwa inamnyonya mwenzake usiku kucha. Na ungefunga 60A pale halafu huyu mgonjwa ukamtoa, zote zinaingia kwenye betri moja ya 100Ah, ungeikaanga.

Kitangiri Boy
Si abadili moja tu?

Fundi wa Mwaloni
Mpya na mzee ukiwafunga pamoja mpya anazeeka haraka. Kwa safari ya wiki ijayo tembea na hiyo moja nzima, konveta 20A, wageni waambie friji usiku inazimwa. Hela ikipatikana nunua mbili za siku moja, kampuni moja. Na ukifunga, chanya itoke betri ya kwanza, hasi itoke ya pili, ili zote zichaji na kutumika sawasawa. Fyuzi iwe karibu na betri.

Sato Mbichi
Wabeja sana. Sasa ngoja nichukue 30A kabisa ili betri mbili zikija nisinunue tena, au kwa hiyo moja itakuwa nyingi?

Fundi wa Mwaloni
Soma ubavuni mkuu. Kama wameandika 30 chukua.

Sato Mbichi
Nimefuta vumbi, imeandikwa 30. Kesho naingia mjini, na dogo namchukua abebe transfoma nikaiuze chuma chakavu.