Msimu wa maonyesho chuoni: tuhesabu viti au tuhesabu wanafunzi?

Mleta mada

Ndugu zangu, kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Idara ya sanaa za maonyesho inapokaa kupanga msimu, yaani maigizo manne au matano na onyesho la dansi la mwaka mzima wa masomo, swali la kwanza mezani huwa ni kama watu watakuja. Nasema swali hilo limewahi mno. La kwanza liwe: nani atapanda jukwaani, na atashuka amejua nini ambacho hakukijua?

Chukueni tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari, ile ambayo Nyerere aliitafsiri mwaka 1963. Ni kazi kubwa, sibishi. Lakini hesabuni wahusika. Wanaume wamejaa jukwaa zima. Wanawake wenye majina ni wawili, Portia na Calpurnia, na wote wawili hatuwaoni tena baada ya Kaizari kuchomwa visu. Haishangazi, kwa kuwa enzi hizo Uingereza wavulana ndio walioigiza nafasi za kike, na wanawake walianza kukubalika kwenye majukwaa ya kulipia kuanzia 1660. Sasa ipeleke tamthilia hiyo kwenye idara ambayo nusu au zaidi ya waliofika kwenye usaili ni wasichana. Utawaambia nini? Wapige pasi maleba?

Na dansi je? Idara inaitwa ya tamthilia na dansi, lakini dansi hupewa siku tatu mwisho wa mwaka, bajeti ikiwa imeshakauka. Hapo ndipo ninapoumia zaidi. Tamthilia isiyoigizwa mwaka huu bado ipo maktabani, mtu ataisoma. Dansi isiyochezwa inapotea na miili iliyoijua. Rudolf Laban alichapisha mfumo wa kuandika miondoko mwaka 1928, lakini wanaoweza kuusoma ni wachache, na maandishi yasiyosomeka hayamfundishi mtu kitu.

Napendekeza hivi: hakuna igizo lipitishwe mpaka liwekwe kando ya daftari la majina ya wanafunzi. Wangapi watapata nafasi ya kuwatoa jasho, wangapi wa dansi, wangapi wa taa na mandhari. Tiketi zijadiliwe baadaye.

Mhadhiri mstaafu

Nimekusoma, na nakubaliana na machungu yako kuliko dawa yako.

Mwaka mmoja tulifanya hivyohivyo unavyotaka. Tulitafuta igizo lenye nafasi kwa kila mtu, tukalipata, tukalifanyia mazoezi miezi miwili. Usiku wa kwanza waliokuja walijaa safu mbili. Usiku wa tatu nilikuwa nimekaa na wazazi na marafiki wa waigizaji tu. Kuna mistari mle ilikuwa ya kuchekesha kwelikweli, na vijana wangu hawakuwahi kujifunza kusubiri kicheko kiishe ndipo waendelee, kwa sababu kicheko hakikuja. Jambo hilo siwezi kulifundisha darasani. Hadhira ndiyo inayolifundisha, na hadhira ya watu usiowajua.

Usinielewe kwamba natetea pesa. Makerere walipoanzisha kundi lao la maigizo la kusafiri mwaka 1965, wanafunzi walitoka wakati wa likizo wakaenda kwa watu, na walibeba maigizo ya lugha kadhaa ili kila walikofika waeleweke. Nairobi wakafuata mwaka 1974, na kundi lao likaitwa la bure kwa jina lake lenyewe. Wale waliuliza kwa dhati kama watu watakuja, na jibu lao lilikuwa kuwafuata walipo. Igizo lilichaguliwa kwa kumfikiria mtazamaji, na mwanafunzi akafaidi humohumo. Sasa wewe unataka mtazamaji angoje nje mpaka daftari lifungwe.

Kuhusu Kaizari, mpe msichana nafasi ya Brutus, yule rafiki anayeshiriki kumuua. Nimeona ikifanyika na ikasimama.

Mwanafunzi wa dansi, mwaka wa tatu

Shikamoo mwalimu. Nimeguswa na habari ya kicheko, ila naomba nieleze upande wetu.

Kwa miaka yangu yote mitatu, onyesho kubwa la msimu limekuwa tamthilia ya muziki, kwa kuwa ndiyo inayojaza ukumbi. Nimecheza zote tatu, nyuma. Haki za tamthilia hizo hukodishwa: vitabu vya maneno na muziki vinakuja, vinatumika, vinarudishwa, na mkataba hauruhusu kukata wala kuongeza bila kibali. Kwa hiyo dansi yetu ni ya kuziba nafasi kati ya wimbo na wimbo. Hakuna mahali pa mwanafunzi kutunga chake. Mwalimu, hadhira ilikuwepo, tena imejaa, na sikujifunza nilichokuja kusomea.

Halafu sakafu. Jukwaa la idara limejengwa kubeba mandhari mazito, ni mbao juu ya zege, halina mnepo. Ukiruka mwezi mzima juu yake, mifupa ya miguu inakueleza. Tulipoomba sakafu ya dansi tuliambiwa msimu haujaingiza cha kutosha. Nasi hatukupewa nafasi ya kuingiza.

Wisconsin, Marekani, walipoanzisha shahada ya dansi mwaka 1926, Margaret H'Doubler, aliyekuwa amesomea biolojia, aliwalaza wanafunzi sakafuni kwanza waujue mwili bila kazi ya kusimama. Onyesho halikuwa haja yake kubwa. Mimi onyesho nalitaka sana, lakini napenda kwamba alianza na mwili wa mwanafunzi, akajenga kutoka hapo.

Fundi wa taa

Mnabishana kuhusu nani apande jukwaani. Mimi nasema ni machache yapande. Maigizo matano na dansi maana yake kila baada ya wiki chache tunabomoa mandhari usiku, tunajenga mengine kesho yake, tunapanda ngazi kuelekeza taa upya. Vijana ninaowafundisha wanalala mezani pa taa wakati wa mazoezi. Mwenye usingizi hajifunzi, na aliye juu ya ngazi akiwa na usingizi ananitisha. Fanyeni matatu, dansi ipewe wiki yake katikati ya mwaka, nasi tupate muda wa kubuni badala ya kukimbizana.

Mleta mada

Fundi, hilo sikuwa nimelifikiria na nalichukua lote.

Mwalimu, umenirudisha nyuma hatua moja. Nakubali mtazamaji ni sehemu ya somo. Lakini angalia mfano wako mwenyewe: Makerere na Nairobi walijiuliza ni watu gani na watawafikiaje. Hilo ni swali la heshima. Mezani petu huulizwa ni tiketi ngapi, na jibu linakuwa lilelile kila mwaka, ndiyo maana binti huyu amesimama nyuma mara tatu. Kumpa msichana nafasi ya Brutus ni sawa, naunga mkono, ila kunamfaa msichana mmoja.

Nina wazo. Tamthilia ya Kigiriki. Neno lao lililotupa korasi lilikuwa pia neno la dansi, na korasi ya Sofokile ilikuwa na watu 15 walioimba na kucheza. Igizo moja linawakutanisha watu wa tamthilia na wa dansi, na hatua za korasi hazikutufikia, kwa hiyo ni lazima mwanafunzi azitunge upya. Mwandishi amekufa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, hadai mrabaha. Tafsiri mpya ndizo hudaiwa, na hapo wanafunzi wa lugha wanaweza kutusaidia kutengeneza yetu. Mandhari ni mlango na ngazi, fundi apumzike.

Daftari la majina bado nalitaka mezani.

Mhadhiri mstaafu

Daftari nakuachia. Ila korasi nimewahi kuiongoza, na watu 15 wasiopumua pamoja ni zogo. Inahitaji muhula mzima wa sauti na mwili kabla ya kugusa maneno, na idara nyingi huanza mazoezi wiki sita kabla ya onyesho. Ratiba hiyo nani ataibadilisha?

Mwanafunzi wa dansi, mwaka wa tatu

Mwalimu, sisi chumba cha mazoezi tunacho kila asubuhi saa 12, hakuna anayekitaka wakati huo. Tunaweza kuanza hata kabla ya usaili. Wa tamthilia wakikubali kuamka, waje na nguo za kulala sakafuni.