MJADALA: Kudai amani barabarani, wasimame kama wanawake wa Kiyahudi au kama watu tu?

Mtoa mada, Dar es Salaam
Ndugu zangu, jana kijiweni tulibishana hadi kahawa ikapoa. Naleta hapa, kila mtu aseme lake bila matusi.

Januari 1988, mwezi mmoja baada ya intifada, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya utawala wa Israel, kuanza, wanawake wachache wa Kiyahudi walianza kusimama kwenye njia panda moja ya Jerusalem Magharibi. Kila Ijumaa, saa saba mchana mpaka saa nane, wakati watu wanakimbizana na manunuzi ya Sabato. Nguo nyeusi tupu. Hawaimbi, hawahutubii. Kila mmoja kashika kibao chenye umbo la kiganja, kinadai Israel ikome kukalia kwa mabavu ardhi za Wapalestina. Wapita njia waliwatukana: wasaliti, makahaba. Wao kimya, na Ijumaa inayofuata wapo tena.

Mwaka huohuo New York, Grace Paley, Irena Klepfisz na Clare Kinberg wakaanzisha kamati ya wanawake wa Kiyahudi kupinga ukaliaji huo, nao wakatoka barabarani. Klepfisz alizaliwa 1941 ndani ya geto la Warsaw, Poland, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Baba yake aliuawa 1943 akipigana na Wanazi katika maasi ya geto hilo. Mtu kama huyo akikataa jambo lisifanywe kwa jina lake, nani atamwambia hajui uchungu wa kuwa Myahudi?

Mimi nasema wako sahihi kusimama kwa jina hilohilo. Vita vikipiganwa kwa jina lako na umenyamaza, umeshahesabiwa miongoni mwa waliokubali.

Mchangiaji, Moshi
Mkuu, hapa tunapishana. Huku kwetu kaskazini tuna msiba wetu. Clemence Mtenga na Joshua Mollel walikwenda Israel kujifunza kilimo, wakauawa Oktoba 7, 2023, Hamas waliposhambulia kutoka Gaza. Mwili wa Joshua ulikaa Gaza zaidi ya miaka miwili ndipo ukarudi. Hao akina mama wa nguo nyeusi waliwasimamia lini vijana wetu? Amani ya kuwalaumu wa kwako peke yao siielewi.

Mtoa mada
Poleni sana, nasema kwa moyo wote. Ila siku ileile, katika kijiji cha Be'eri, aliuawa Vivian Silver, bibi wa miaka 74, mmoja wa waanzilishi wa Women Wage Peace, kundi jingine la wanawake lililozaliwa baada ya vita vya Gaza vya 2014. Siku tatu tu kabla, kundi lake lilikusanyika na akina mama wa Kipalestina wa Women of the Sun, Jerusalem na Bahari ya Chumvi. Watu walidhani ametekwa. Novemba ndipo mabaki yake yakatambuliwa. Huyo utasema alikuwa wa upande gani?

Mchangiaji, Mombasa
Kwa nini wanawake peke yao, hilo siulizi. Nimekaa mikutano mingi; mwanamume akishika kipaza sauti, hakirudi. Langu ni hili: wanasimama saa moja, kisha wanarudi nyumbani kupika cha Sabato. Mama wa Kipalestina bado yuko kwenye foleni ya kizuizi cha jeshi. Walowezi, Waisraeli wanaohamia ardhi za Wapalestina, leo ni wengi kuliko 1988. Nawaheshimu hao dada, lakini kimya chao kimemfaa nini?

Mtoa mada
Dada, hapo umenishika. Baada ya mapatano ya Oslo kati ya Israel na Wapalestina, 1993, wengi wao waliacha kusimama, wakaamini amani imefika. Ilipovunjika 2000, wakarudi. Kwamba kimya kile kilizuia hata risasi moja, siwezi kukuapia. Lakini kilivuka mipaka: Oktoba 1991 wanawake wa Belgrade, Serbia, walivaa nyeusi, wakasimama kupinga vita vya serikali yao wenyewe. Nao waliitwa wasaliti.

Mchangiaji, Mombasa
Kuvuka mipaka ni jambo moja, kaka, kumfaa yule mama ni jingine. Kibao cha maneno, dereva anakizoea. Washike picha za waliouawa, na majina yao.

Mtoa mada
Wapo waliofanya hivyo. Mwaka 2025, Tel Aviv, Waisraeli walisimama kimya na picha za watoto waliouawa Gaza, mshumaa mkononi.

Mchangiaji, Moshi
Na picha ya Joshua, wangekubali niisimamishe katikati ya hizo?